Shangazi wa Wodi ya Ini Akabidhi Mizani

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi kiongozi wa Wodi ya Ini atavua beji yake na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Miaka ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza katika wodi hiyohiyo moja, ghorofa ya pili, kati ya chumba cha kufulia na ngazi za dharura. Jina lake limo kwenye beji, ila maandishi yalifutika zamani na hakuna aliyejali, maana hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa geti hadi mkurugenzi, inamwita Shangazi.

Jina hilo alipewa na wagonjwa, na hata wazee waliomzidi miaka ishirini wanamwita hivyo. Shangazi ndiye mtu wa ukoo anayeuliza yale ambayo mama anaona haya kuyauliza na baba hataki kuyasikia. Huyu wetu, kila asubuhi, aliwauliza watu wazima wenye mvi na vyeo vyao: umekwenda chooni mara ngapi tangu jana, kilikuwa laini au kigumu, cha rangi gani? Aliuliza kwa sauti ileile ambayo wengine hutumia kuulizia hali ya watoto. Aliyeona haya alikumbushwa kwamba mficha uchi hazai, naye akijibu kwamba hana mpango wa kuzaa, aliambiwa vizuri, basi ajibu swali.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na sita, katika wodi ya mifupa, mahali ambapo mgonjwa huingia amebebwa na hutoka akitembea. Alikaa huko miaka minane. Wapo wanaosema alihamishiwa kwetu kwa sababu ya mdomo wake, baada ya kumwambia daktari mmoja mbele za watu kwamba plasta aliyofunga ingeufaa zaidi mguu wa meza. Yeye mwenyewe hajawahi kukanusha.

Wodi aliyoikuta huku juu ilikuwa ya watu wa kusubiriwa. Mgonjwa ambaye ini lake limechakaa kabisa aliandikiwa kwenye faili kwamba hakuna la kufanya, akalazwa upande wa dirishani, na ndugu wakaambiwa wawe wanakuja mara kwa mara. Shangazi alisoma maneno hayo kwenye mafaili matano siku yake ya kwanza. Siku ya pili alimfuata daktari bingwa akiwa ameyakumbatia yote matano, akamwambia maneno ambayo baadaye tuliyabandika kwenye ukuta wa chumba cha wauguzi: “Ini hatuliwezi. Lakini muwasho tunauweza, maji tunayaweza, choo tunakiweza. Tuanzie hapo.”

Wakaanzia hapo. Mambo mengi ambayo leo tunayafanya bila kufikiri aliyaanzisha yeye. Mizani, kwa mfano. Kila mgonjwa mwenye maji tumboni hupimwa uzito asubuhi kabla ya chai, akishakojoa, akiwa amevaa shuka lilelile. Uzito ukipanda kilo moja kwa siku moja, hayo si mafuta, ni maji, na dawa ya kukojoza huangaliwa siku hiyohiyo, bila kungoja tumbo livimbe mpaka mtu ashindwe kuvuta pumzi. Mizani yenyewe ni ya chuma, nzito, na hakuruhusu mtu mwingine aisogeze. Fundi wa matengenezo aliwahi kuihamisha ili apake rangi ukutani, akatafutwa jengo zima.

Kisha kuna dumu. Kila mfanyakazi mpya wa wodi yetu, awe muuguzi, mhudumu au daktari mwanafunzi, alipewa dumu la lita kumi lililojaa maji, akafungiwa tumboni kwa shuka, akaambiwa atembee kutoka kitandani hadi chooni, akae, ainuke, arudi. Mgonjwa wetu wa wastani hubeba zaidi ya hapo. Daktari mmoja kijana, ambaye leo ni bosi wa idara na anasoma mistari hii akijifanya si yeye, alifika nusu ya njia akauliza kama anaweza kupumzika. Shangazi akamjibu kwamba wagonjwa huwa hawaulizi. Tangu siku hiyo daktari huyo hajawahi kuchelewesha kutoa maji kwenye tumbo la mtu.

Kwa chumvi hakuwa na mchezo hata kidogo. Tunasema mtu fulani amekula chumvi nyingi tukimaanisha ameishi na kuona mengi. Shangazi amekula nyingi, wagonjwa wake hawakuonja. Chumvi huvuta maji, na maji ndiyo yanayolijaza tumbo, kwa hiyo alikagua mito, soksi na vifuko vya miwani. Dereva mmoja wa lori aliificha ndani ya chupa ya matone ya macho. Aligundulika kwa sababu alikuwa akilidondoshea matone hayo yai la kuchemsha.

Hadithi ya mayai ni ya heshima kwake, ingawa yeye huisimulia kama aibu. Zamani sote tulifundishwa kwamba mgonjwa wa ini anyimwe mayai, nyama na maharage, ati vinampandishia sumu kichwani. Kwa miaka kadhaa Shangazi alivinyima vitu hivyo kwa bidii yake yote, na wagonjwa wakakonda mikono huku matumbo yakizidi. Kisha alirudi kutoka kwenye mafunzo ya wiki mbili, akasimama katikati ya wodi na kutangaza: “Nilikosea. Nimewanyima chakula watu waliokihitaji. Kuanzia leo mnakula mayai, na kabla ya kulala kila mtu anapata kitu cha kutia tumboni.” Sijawahi kumwona mkubwa mwingine wa kazi akisema neno “nilikosea” mbele ya vitanda kumi na sita vyenye watu.

Kuhusu muwasho, ambao ndugu wengi huupuuza kwa kuwa hauonekani, alikuwa na sheria zake. Kucha zikatwe kila Jumatatu. Kitambaa cha pamba kilicholowekwa maji baridi kiwepo daima. Dawa ya unga ya kupunguza muwasho isinywewe pamoja na dawa nyingine, maana huzimeza nazo zikapotea bure. Alisema mtu anaweza kuvumilia maumivu akalala, lakini anayewashwa mwili mzima hana usiku wala mchana. Vidonge vya maumivu vya dukani, ambavyo ndugu huvileta kwa nia njema na kumbe vinaumiza figo na kusababisha tumbo kuvuja damu, alivipokea kwa shukrani mlangoni, akavitia kwenye boksi la viatu, akaandika kwenye faili dawa iliyo salama badala yake.

Kitu kimoja kilimkasirisha hasa. Mgeni akiingia na kunong’ona mlangoni, “Huyu si alikuwa anakunywa sana?” alitolewa nje hapohapo, hata akiwa ni kaka wa mgonjwa. Wapo waliokunywa, wapo waliopata virusi wakiwa wachanga, na wapo ambao hatukujua kamwe chanzo cha ugonjwa wao. Wote waliwashwa sawa.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kamati ya sherehe iliniomba nikiache kwa sababu ni kirefu. Nimekataa. Nimefanya kazi chini ya Shangazi miaka kumi na mmoja, na kama ningeruhusiwa kueleza jambo moja tu ili mgeni aelewe tunayemuaga ni nani, ningeeleza hili.

Miaka sita iliyopita tulikuwa na mgonjwa fundi saa. Alikuwa na kibanda karibu na soko, mikono myepesi na ulimi mkali kuliko kisu cha upasuaji. Ini lake lilikuwa limefika mwisho na alilijua hilo, Shangazi alimweleza bila kumzungusha. Alilalamikia kila kitu: shuka linakwaruza, taa inamulika jicho la kushoto, daktari ana viatu vya kupiga kelele. Sisi wauguzi vijana tulipigiana kura nani ampelekee chai.

Jumatatu moja alipata habari kwamba dada yake mkubwa angekuja kumwona Jumamosi. Walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na mmoja. Siku ya mazishi ya mama yao, fundi alisimama mbele ya watu akamwambia dada yake kwamba alimtelekeza mama. Baadaye akaja kujua kwamba dada huyo ndiye aliyemwogesha mama na kumlisha kwa kijiko miaka miwili, yeye akiwa mjini na saa zake. Hakuwahi kumtafuta kumwomba radhi. Alimweleza Shangazi haya yote siku hiyo, kisha akamshika mkono wa gauni na kusema: “Nina neno moja la kumwambia. Sitaki amkute mtu mwingine kwenye hiki kitanda. Nataka anikute mimi.”

Shangazi alielewa, na yeyote aliyefanya kazi kwetu angeelewa. Ini likishindwa kuchuja uchafu wa tumboni, sumu hupanda kichwani, na mtu huanza kupotea akiwa macho. Anachanganya mchana na usiku, anasahau mwezi, mwishowe hamjui aliyemzaa. Kinga kubwa ni dawa moja ya maji, tamu mno, ambayo hulainisha choo na kuutoa ule uchafu kabla haujapanda. Mtu akienda chooni mara mbili au tatu kwa siku, choo laini, kichwa hubaki wazi. Akifunga choo siku tatu, hali huharibika.

Jumanne na Jumatano Shangazi alikuwa mapumzikoni. Fundi akabadilika. Alisema asante kwa uji. Alimsifu mhudumu kwa kutandika vizuri. Hakusema lolote kuhusu viatu vya daktari, wala taa. Wodi nzima ikashusha pumzi, tukaambiana mzee amejua dada yake anakuja, moyo umelainika. Na mwandishi wa mistari hii, kwa mwandiko mzuri wa kujivunia, akaandika kwenye faili: Mgonjwa ametulia, ana ushirikiano mzuri, hana malalamiko.

Alhamisi asubuhi Shangazi alilisoma faili hilo akiwa bado na mkoba begani. Aliurudia mstari wangu mara mbili. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Huyu mtu hana malalamiko, nanyi mnafurahi?” Akaenda moja kwa moja kitandani. Alimwomba fundi anyooshe mikono mbele, viganja juu kama anayezuia gari, na viganja vikapiga chini mara kwa mara kama vya mtu anayesinzia. Alimuuliza mwezi, akataja mwezi wa miezi mitano nyuma. Mwishowe akampa kalamu na kumwomba achore uso wa saa. Mtu aliyetengeneza saa miaka arobaini alichora duara, akazirundika namba zote upande mmoja, kisha akatutazama akitabasamu, akingoja tumsifu.

Nilitaka ardhi inimeze. Shangazi hakunigombeza, alinituma. Dawa ya kupitisha njia ya haja kubwa, sasa hivi. Damu maabara. Maji ya tumboni yapimwe kama yana maambukizi. Wakati ninakimbia huku na huku, yeye alipiga magoti akachungulia chini ya kitanda, na huko akaikuta sababu: kikombe cha bati, kimejaa ile dawa tamu, sisimizi wamekizunguka. Alikuwa akiimimina humo tangu Jumatatu.

Baadaye tulijua kwa nini. Jumapili alikuwa ameanza safari ya kwenda chooni na tumbo lake la lita kumi na nne, na hakufika. Mmoja wetu, aliyekuwa akipiga deki, alimtania. Utani wenyewe haukuwa mbaya, ndio ule tunaofanyiana wenyewe kwa wenyewe, lakini kwa mtu aliyejichafua mbele ya wanaume wenzake, na ambaye kesho yake alisikia kwamba dada yake anakuja, ulitosha. Aliamua hatajichafua tena. Aliificha aibu ili aonekane nadhifu Jumamosi, na aibu hiyo ndiyo ilikuwa inamfuta kichwani. Tunapenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Shangazi alituambia siku ile kwamba safari hii maradhi tulisaidia kuyaficha sisi.

Kabla ya saa sita mchana kitanda cha fundi kilikuwa kimehamishwa hadi karibu na mlango wa choo. Ndoo safi yenye kifuniko iliwekwa kando, pazia likavutwa, na aliyetania akapewa kazi ya kumsaidia fundi kila alipohitaji, bila neno. Alifanya kazi hiyo siku mbili akiwa ameuma midomo.

Ijumaa ilikuwa siku mbaya. Fundi alilala karibu siku nzima, na alipoamshwa hakujua yuko wapi. Daktari alishauri dada aombwe kuahirisha. Mimi nilikubali haraka, maana sikutaka dada aone matokeo ya mstari wangu. Shangazi alichukua simu na kumpigia yule dada mwenyewe, akamwambia ukweli wote: kwamba kaka yake amechanganyikiwa, kwamba tumechelewa kuliona na kosa ni letu, kwamba huenda kesho akamkuta na huenda asimkute, na kwamba vyovyote iwavyo asije kudhani kaka yake amempuuza. Dada akauliza kama kusubiri wiki moja kungesaidia. Shangazi akasema hawezi kumwahidi kwamba wiki hiyo ipo. Dada akasema basi anakuja.

Jumamosi saa moja asubuhi, nilipompelekea fundi uji, alikoroga mara moja, akaonja, akanitazama usoni. “Huu ni uji au gundi ya kubandikia mabango?” Niliweka sinia chini nikaenda kulia kwenye chumba cha kufulia. Shangazi alimwuliza tarehe, akaijibu na kumuuliza kwani yeye hana kalenda. Alimpa karatasi, namba zote kumi na mbili zikakaa mahali pake.

Dada alifika saa nne na nusu, mama mnene mwenye mvi, viatu vina vumbi, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Shangazi alimwingiza nyuma ya pazia, kisha akachukua kiti na kukiweka katikati ya njia. Alikaa hapo dakika hamsini. Alimrudisha mleta chakula. Alimrudisha mtu wa maabara. Daktari bingwa alipofika na msafara wake wa wanafunzi tisa, Shangazi hakuinuka hata kidogo. Alisema raundi ianzie upande ule mwingine, na ikaanzia huko.

Hatujui fundi alisema nini. Tulisikia sauti yake tu, chini, muda mrefu, halafu watu wawili wazima wakilia, na baadaye kidogo mmoja akicheka. Dada alipotoka macho yamevimba, hakuuliza habari za vipimo wala dawa. Alimshika Shangazi mikono yote miwili na kusema, “Nimemkuta. Nimemkuta kaka yangu mwenyewe.” Fundi alifariki siku ishirini na tatu baadaye, bila muwasho, bila maumivu makubwa, na akili yake ikiwa wazi mpaka siku mbili za mwisho. Dada alikuwa hapo.

Kwenye kumbukumbu za hospitali kisa hiki kimeandikwa kama kifo kimoja cha ugonjwa wa ini. Tuzo ambazo Shangazi amepewa, na zipo tatu, zilitolewa kwa mambo mengine: mafunzo aliyowapa wauguzi wa vituo vidogo, mwongozo wa kurasa kumi na mbili ambao sasa unatumika katika wodi nyingine, na usafi wa wodi, mwaka ule tuliposhinda wodi zote za hospitali. Zote anastahili. Lakini tangu Alhamisi ile, mstari wa kwanza kwenye faili la kila mgonjwa wetu hauhusu ini. Ndugu huulizwa: mtu huyu akiwa mzima yukoje? Ni mchangamfu au mkimya, ana hasira za namna gani, anapenda kubishana kuhusu nini? Tunaandika, ili akianza kupotea tujue ni nani tunayemtafuta.

Kuanzia tarehe mosi Julai, mizani itakuwa chini ya mwandishi wa mistari hii. Ninaogopa, na nimemwambia hivyo. Alinijibu kwamba na yeye aliogopa miaka yote ishirini na sita, na akaniagiza niikague betri ya mizani.

Mume wake, fundi seremala, anasema amemtengenezea kiti cha kupumzikia barazani, ila ana wasiwasi hatakikalia. Wajukuu watatu wameshaonywa kuhusu chumvi. Sisi tuliobaki tunakushukuru, Shangazi, kwa kila swali la aibu ulilouliza kwa niaba yetu, kwa kila tumbo lililopungua na kila ngozi iliyotulia, na kwa kutuonyesha kwamba pale tusipoweza kuponya bado kazi ipo, na ni kazi kubwa. Mungu akupe uzee mrefu na mwili mwepesi. Na siku yoyote, saa yoyote, atakayebisha hodi kwako akiwa na neno lake moja la kukuambia, akukute.